Kadi Iliyopigwa Mnada Kanisani

Wifi yangu Bibiana anaendesha baiskeli. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu wanalolijua kwanza. Siku ya gulio la Ulaya, kile kijiji cha bondeni, si ng'ambo, utamwona anashuka kutoka huku kwetu milimani, tenga la nyanya limefungwa kwenye keria kwa mpira, kanga imekazwa kiunoni, na kengele hampigii mtu. Wanaume walimsema mpaka wakachoka. Mama mtu mzima, mjane, Mkristo aliyepata kipaimara, juu ya baiskeli! Yeye alijifunzia shule ya misheni, kwa baiskeli ya mwalimu wake wa sayansi kimu, na maneno yalipomfikia alisema anayeona haya afumbe macho mpaka apite. Aliyemwoa ni kaka yangu, marehemu Rafaeli, na mimi Anastazia nilikuwa mstari wa mbele kumwonya kaka kwamba mwanamke yule hatamuweza. Kweli hakumuweza. Waliishi vizuri sana.

Jastin ni mtoto wao wa mwisho. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya kusikitisha, akashuka Mikumi kutafuta maisha, akapata kazi ya utingo kwenye lori la mizigo linalokwenda Tunduma. Dereva wake alikuwa mtu wa kutafuna mirungi. Najua imekatazwa, na yeye alijua, lakini alikuwa nayo chini ya kiti, akampa na kijana, maana utingo akisinzia na dereva husinzia. Kwa hiyo wakatafuna. Wakifika mwisho wa safari, usingizi hauji, macho yamekauka, moyo unakwenda mbio. Ndipo akatokea mwema mmoja, Mungu amlipe anachostahili, akamwambia ana kitu cha kumshusha. Kitu chenyewe kilikuwa unga, heroini, uliofungwa kwenye karatasi ya sigara. Tangu hapo mtoto wetu akawa wa majani kumpandisha na unga kumshusha, siku zote yuko kwenye ngazi, hakai chini kama watu.

Sisi huku juu tulijua nini? Alikuja nyumbani makamasi yanamtoka, mwili unamuuma, anaharisha, anapiga miayo kutwa, tukasema malaria. Tukampa dawa ya malaria. Ikaja ikasemwa taifodi. Mjomba wake akasema amerogwa na mtu wa barabarani. Kumbe ni arosto, mwili unadai unga wake. Aliyekuja kututoa ujinga ni Bibiana mwenyewe. Alipanda baiskeli mpaka barabara kuu, akaiacha kwa muuza mkaa, akapanda gari hadi Mikumi, akaingia kituo kimoja cha afya. Watu wamejaa benchini. Akauliza kwa sauti ileile anayouzia nyanya:

"Dawa ya mateja inatolewa dirisha gani?"

Muuguzi mmoja, Sista Yusrah, alitoka ndani akiwa ameziba mdomo asicheke. "Karibu mama. Shikamoo. Hapa tunasema wagonjwa."

"Marahaba mwanangu. Basi nina mgonjwa, na anaiba kuku."

Wakapatana tangu siku ile. Sista Yusrah akamweleza kwamba dawa yenyewe inaitwa methadoni, ni ya maji, inanywewa kwa kikombe kila siku mbele ya muuguzi, na mgonjwa akishameza anaongeleshwa kidogo ili ijulikane imeshuka kooni. Bibiana akauliza anakunywa mpaka lini. Sista akamjibu kitu ambacho wifi alikirudia kwetu mara nyingi, na laiti tungekisikia. "Mama, hii si kama dawa ya malaria. Hii ni kama miwani. Mtu akivaa akaona vizuri, haitupi kwa sababu anaona vizuri." Kuhusu mirungi akasema ile haina kikombe chake. Dawa yake ni kula, kulala, kukaa na wenzake wakaongea, na kuachana na safari za usiku.

Bibiana hakujiuliza mara mbili. Shamba akaniachia mimi, akapanga chumba Mikumi karibu na maegesho ya malori, akaweka meza ya nyanya na vitunguu. Asubuhi anamsindikiza mtoto dirishani, mchana anapigana na nyani. Nyani wa Mikumi hawaogopi mwanamke, lakini wifi yangu walimwogopa, alikuwa akiwafukuza kwa pampu ya baiskeli. Na mtoto akarudi kuwa mtu. Akanenepa mashavu. Akaanza kubeba magunia sokoni, akaanza kuchagua shati la kuvaa. Siku aliponipigia simu akasema, "Shangazi, shikamoo, umeamkaje?" nililia, kwa sababu kwa muda mrefu alikuwa akinipigia kuomba hela tu, salamu hana.

Mavuno yalipofika akaruhusiwa kuja nyumbani kusaidia. Kwa kuwa alikuwa ametulia, kliniki ilimpa dozi za kumtosha siku hizo chache, na masharti ya kurudi mara zitakapoisha, na kadi yake, ile inayogongwa muhuri kila anapokunywa. Hapo ndipo sisi watu wa milimani tulipofanya yetu.

Lazima nieleze desturi ya kanisa letu. Sikukuu ya mavuno kwetu huchukua Jumapili kadhaa. Watu huleta mahindi, maboga, mbuzi, kuku, vinawekwa mbele, kisha vinapigwa mnada hapo hapo kanisani, kwa kelele na vicheko. Na aliyekuwa mgonjwa akapona, huleta kitu kilichobaki cha ugonjwa wake, akakiweka mbele pamoja na mavuno, akatoa neno. Mzee mmoja aliyevunjika mguu aliweka mkongojo. Mama mwingine aliweka bandeji, imefuliwa na kupigwa pasi. Kitu kikishawekwa pale hakirudi kwa mwenyewe, kinakwenda mnadani kama boga. Mwaka mmoja kuku wa mama mmoja alikata kamba akarudi nyumbani kwao kwa miguu yake. Wazee walimfuata, wakamrudisha, na ilibidi mama yule amnunue kuku wake mwenyewe. Tunacheka, lakini hakuna anayevunja.

Basi watu walipomwona Jastin anavuna na kuimba, maneno yakaanza. Kijana amenona, kijana amepona, anabebeshwa kikombe cha nini kama mtoto wa kliniki? Mjomba wake ndiye aliyekuwa wa kwanza, mtu ambaye hajawahi kumpeleka hata mbwa kwa daktari. Jastin akasikia mpaka yakamwingia. Jumapili ile, bila kumwambia mama yake, alisimama mstari wa waliopona, akatoa kadi ya kliniki mfukoni, akaiweka juu ya gunia la mahindi.

"Namrudishia Mungu," akasema. "Sitakunywa tena. Nimepona."

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Bibiana peke yake hakupiga, alisimama mkono mdomoni.

Jioni alimwambia kesho wanarudi Mikumi. Jastin akakataa kwa adabu zote. Babu yake alikuwa katekista, na katika nyumba ile neno likisemwa mbele ya madhabahu limesemwa. "Mama, niliahidi watu wakisikia. Nikirudi kuchukua, nitakuwa nimemwibia Mungu." Dozi zikaisha. Arosto ikamrudia, akalala kwenye mkeka anatetemeka na jua linawaka, mama yake anamnywesha uji kwa kijiko. Alivumilia, sitamnyima sifa yake. Kisha asubuhi moja mkeka ulikuwa mtupu.

Simu ilitoka Mikumi. Aliyepiga ni Abubakari, kijana aliyekuwa akinywa dawa dirisha moja na Jastin. "Mama, dogo nimemkuta kazima nyuma ya malori, midomo imekuwa ya bluu. Sista kamuwahi. Anapumua. Njoo."

Bibiana alipofika, Sista Yusrah alimvuta pembeni, na safari hii hakuna aliyecheka. Akamweleza kwamba mwili uliopumzika haubebi tena mzigo wa zamani. Jastin alivuta kiasi kilekile alichokizoea, na kiasi kile sasa kinaua. Walikuwa na dawa ya kumzindua, wakamkuta mapema. Akirudia, huenda wasimkute. "Dirisha liko wazi, mama. Kadi nyingine naweza kumwandikia sasa hivi, tuanze upya kwa dozi ndogo. Lakini anakataa kikombe. Anasema alichompa Mungu hachukui. Mimi siwezi kumnywesha mtu kwa nguvu."

Wifi yangu aliinama akafunga upya kanga yake. Mtu asiyemjua angedhani amekata tamaa. Kisha akauliza leo ni siku gani, akaambiwa Ijumaa.

"Vizuri," akasema. "Mavuno yana Jumapili moja imebaki."

Akamwambia Jastin twende nyumbani, na yeye kwa aibu aliyokuwa nayo hakuuliza. Waliposhuka kwenye gari alichukua baiskeli kwa muuza mkaa, akamkalisha mtoto wake wa miaka ishirini na ushee kwenye keria, akaikanyaga mpaka mlima ulipoanza, halafu akaisukuma na mtoto juu yake. Niliwaona wanakuja. Nilitaka kusema neno la kiwifi, nikashindwa, nikaenda kushika usukani upande wa pili.

Jumamosi alikwenda kwa Katekista Cornel, anayetuongozea kanisa. Kadi ilikuwa bado iko pale mbele. Kila Jumapili mnadi aliiruka, kwani nani atanunua kadi ya hospitali ya mtu mwingine?

"Baba, nipe kadi ya mwanangu."

"Mama Jastin, ningekupa hata sasa. Lakini wewe unajua na mimi najua. Nikikupa kwa mlango wa nyuma, kijana atasema imeibwa, na atakuwa amesema kweli."

"Sikuja kwa mlango wa nyuma. Nataka kesho muipige mnada."

Katekista alimtazama, akacheka kidogo, akasema itapigwa.

Sasa nimlete Mzee Shimba, maana bila yeye hakuna kisa. Shimba ni Msukuma, alihamia bonde la chini na ng'ombe wake miaka kadhaa iliyopita. Kanisa lake ni lingine, lakini mnada wetu haukosi hata mara moja. Sisi na Wasukuma tunataniana. Yeye husema sisi wa milimani maziwa tunayajua ya kopo tu, nasi humwambia jioni akihesabu watoto huchanganya na ndama. Siku ng'ombe wake wakiingia mashambani utani huwekwa kando kwanza, tukagombana kweli, kisha unarudi. Mnadani kazi yake ni kupandisha bei. Boga lililokwisha kupata mnunuzi, Shimba atanyoosha fimbo na kuongeza, basi tu kwa kutukera, na mara nyingi humwangukia mwenyewe, akaondoka na maboga asiyoyala.

Jumapili ikafika. Jastin alikaa benchi la nyuma, amejifunika koti, jasho linamtoka. Mzee Gabrieli, mnadi wetu, aliuza mahindi, akauza mbuzi, akauza jogoo aliyemdonoa. Kisha akaichukua ile kadi kwa vidole viwili.

"Hii hapa," akasema, na sauti yake ikapungua. "Nani anaanza?"

Bibiana akasimama. "Nasema kwanza ninachonunua. Hiyo ni kadi ya dawa ya mwanangu. Mlimpigia vigelegele alipoiacha, na baada ya hapo nilimkuta Mikumi akiwa nusu maiti. Hakupona siku ile. Alikuwa mzima kwa sababu ya kikombe, na anatakiwa aendelee kukinywa, mwaka huu na mwaka ujao na mpaka watakaojua waseme basi. Sioni haya. Natoa baiskeli yangu."

Hakuna aliyecheka. Baiskeli ile ilikuwa miguu yake, ilikuwa nyanya zake, ilikuwa na marehemu kaka yangu ndani yake, maana ndiye aliyemnunulia. Mjomba mtu alikuwa anaangalia viatu vyake, na nilifurahi kumwona hivyo. Mzee Gabrieli akainua kadi juu. "Baiskeli, mara ya kwanza. Baiskeli, mara ya pili..."

Fimbo ikanyooshwa kutoka mlangoni. "Ndama," akasema Shimba. "Jike."

Kanisa zima liligeuka. Mimi nilisimama kabla sijajua nimesimama. Nilimwambia mambo ambayo kanisani hayasemwi. Bibiana akanishika mkono nikae, akamgeukia yeye.

"Shimba, wewe ni mtani wangu na siku zote nakuvumilia. Leo usitanie."

"Sitanii, mayu," akasema. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. Akavua kofia, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mzee yule ana uso wa mtu asiyelala. "Nina kijana, Masunga. Anasindikiza ng'ombe wangu kwenye malori mpaka mnada wa Dar. Huko alianza majani ya kutafuna, sasa kuna kitu anavuta. Tumemchanja, tumemwombea, nimemfunga kamba kama fahali. Sikujua kuna mlango. Leo nasikia mlango upo, na hiyo ndiyo kadi yake. Mimi nimwachie mtu kwa sababu ya baiskeli? Hata zizi naleta."

Bibiana alimwendea mpaka mlangoni.

"Baba Masunga, kadi hiyo haitamfaa mwanao. Ina jina la mwanangu. Ukitaka mlango, huhitaji kuununua, mimi ninaujua, nitakupeleka kesho na watamwandikia ya kwake bila ndama."

Shimba akafikiri. Unaweza kumwona mfugaji akifikiri, huwa anaegemea fimbo. "Lakini nimeshataja ndama," akasema. "Kwenu neno la mnadani linarudi?"

"Halirudi," akajibu Mzee Gabrieli, haraka, maana alikuwa ameshaliona paa la kanisa likiwa na bati jipya.

"Basi piga."

Gabrieli akapiga mara ya tatu. Kadi ikawa ya Shimba. Akaipokea kwa mikono miwili, akapita katikati ya kanisa kwa makubazi yake ya matairi mpaka benchi la nyuma, akasimama mbele ya Jastin. Kijana akainuka huku anatetemeka, kwa sababu hata akiwa mgonjwa hajasahau malezi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sikia. Ulichompa Mungu, ulimpa, na sadaka yako imefika, atalipwa ndama mzima. Hukuiba kitu. Kadi hii si yako tena, ni mali yangu, nimeinunua mbele ya watu. Sasa nakuazima. Kitu cha kuazimwa huwezi kukiweka madhabahuni, kwa sababu si chako. Unachoweza ni kukitunza na kukitumia. Kesho utakwenda nayo Mikumi, na mwanangu utamshika mkono, maana mimi atanikimbia."

Jastin aliangalia kadi. Aliangalia mbele, kwa katekista, na Katekista Cornel akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamtafuta mama yake kwa macho. Bibiana hakusema neno, na kwa mtu kama yeye hiyo ni kazi kubwa kuliko kusukuma baiskeli mlimani. Kijana akanyoosha mikono yote miwili akapokea.

"Asante mzee. Nitaitunza."

Hapo ndipo nilipopiga kigelegele, na safari hii kilikuwa mahali pake.

Asubuhi waliondoka wanne. Masunga alikuwa kijana mrefu mwenye hasira, meno yamebadilika rangi kwa mirungi, anamfuata baba yake nyuma kama anayepelekwa polisi. Jastin akaenda kutembea naye sambamba, akamwambia, "Siku za mwanzo mbaya, sikudanganyi, ila hutakuwa peke yako." Dirishani Sista Yusrah alimpima Jastin, akamwanzishia kipimo kidogo, akaomba kadi ili aandike. Jastin akaitoa, lakini mkono wake ukabaki umeishika.

"Nirudishie, Sista. Si yangu, nimeazimwa."

Sista akaandika akamrudishia. Jastin akanywa, akasema jina lake na la baba yake ili ijulikane imeshuka, na Bibiana akatoka nje akaegemea ukuta, akalia kwa raha zake mpaka nyani mmoja akaja kumwangalia.

Tangu hayo yamepita mavuno kadhaa. Ndama yule amekuwa mabati, na mvua haitunyeshei tena wakati wa mahubiri. Masunga anakunywa dawa yake. Mirungi bado inamwita na mara nyingine humpata, halafu anarudi kwenye kikundi na kukiri, wenzake wanamkalisha chini. Jastin amepewa kazi ya kuwatafuta vijana maegeshoni na kuwaleta dirishani. Bibiana amerudi kwenye nyanya zake na baiskeli yake, na siku hizi akina mama wa vijiji vya Masanze na Chanzuru humsubiri gulioni wamuulize mambo kwa kunong'ona. Yeye huwajibu kwa sauti.

Shimba bado anakuja mnadani kutupandishia bei. Mwaka huu alimkuta Jastin anashusha gunia lake la shukrani mlangoni, akamgusa begani na fimbo.

"Wewe wa maziwa ya kopo. Mali yangu iko wapi?"

Jastin akaweka gunia chini, akafuta mikono kwenye suruali, akatoa kadi mfukoni. Ilikuwa ya tatu, zile za mwanzo zimejaa, lakini wao wawili wanaihesabu ni ileile. Shimba akaigeuza huku na huku. Kusoma hajui, ila mihuri anaijua, akaifuata kwa kidole mpaka wa jana.

"Haya," akasema. "Sijakudai bado." Akamrudishia, wakaingia ndani.